Mpishi wa Chatu

Wenzangu waliolewa wakapata wake wenza. Mimi niliolewa nikapata chatu. Mke mwenza angenisaidia kuteka maji, tungegombana, tungepatana, na siku nyingine tungekaa kivulini tumsengenye mume wetu pamoja. Chatu alikuwa analala tu, anasubiri nimwandalie chakula, na kila mtu aliyepita pale nyumbani aliuliza hali yake kabla ya kuuliza yangu.

"Mwangaluka, mayu. Mkubwa anaendeleaje?"

Mkubwa! Baba mkwe alikuwa amekaa palepale nje, mzima wa afya, anachonga mpini wa jembe, lakini mkubwa aliyeulizwa habari alikuwa nyoka.

Kila Sabasaba watu wanajaa uwanjani kuona wacheza ngoma wakizunguka na chatu shingoni. Wanapiga makofi, wanarusha kofia, akina mama wanapiga vigelegele. Sina neno na makofi yao. Lakini sijasikia hata mmoja akiuliza yule mdudu amekula nini, na nani aliyemlisha. Basi mimi ndiye. Tena mwanangu, ambaye sasa yuko darasa la tatu, juzi amerudi shuleni akaniambia wamechorewa picha ya mcheza ngoma na chatu wake ukutani, nzuri sana, chatu anacheka. Nikasema ngoja niandike.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne kwa masista. Nilijua kuchora moyo wa chura na vyumba vyake vyote. Nilitoka Ushirombo, kwenye familia ya kulima na kusali rozari, nikaolewa upande wa Kahama, njia ya kwenda Masumbwe, kwenye mji wa Wasukuma wa jadi. Mume wangu nilimpenda, nampenda mpaka leo, lakini wakati ule alikuwa anafanya kazi Isaka, anapakia marobota ya pamba kwenye mabehewa. Alikuja nyumbani na nyuzi za pamba masikioni, akala, akalala, akaondoka. Kwa hiyo ndoa yangu niliishi na wazazi wake, na mtoto wetu wa kike aliyekuwa na miaka kama mitatu, bado ananyonya, na chatu.

Baba mkwe alikuwa kiongozi wa chama cha ngoma za nyoka. Chatu alikuwa mali ya chama, lakini chama kizima hakikuwa na bati. Mimi nilikuwa nalo. Mume wangu alikuwa ameninunulia bati za kuezeka nyumba yetu, na wazee wakaona bati lina joto, na chatu anapenda joto. Basi wakaleta lindo lao wakalisimamisha chumba cha nje cha nyumba yangu. Lindo ni pipa kubwa la gome la mti. Watu wenye akili wanahifadhia mtama humo. Sisi tulihifadhia chatu, tukamfunika kwa kifuniko cha gome na juu yake jiwe la kusagia. Upande wa pili wa ukuta, ukuta wa tofali mbichi wenye tundu la kupitisha mkono, ndipo alipolala mwanangu.

Sasa mtu ataniuliza, mbona hukumwambia baba mkwe? Hapo ndipo penye shughuli. Kwenye mji ule mkamwana hasemi na baba mkwe uso kwa uso. Humtazami machoni, humpi kitu mkononi, humwiti. Kama una neno unaliambia jiko, au ukuta, au mtoto, naye akiwa karibu anasikia. Akitaka kukujibu anamwambia mtoto. Mwanangu, tangu alipojua kumwita guku, yaani babu, akawa posta yetu. Na alikuwa posta inayofungua barua.

"Mwambie guku wako maji ya kuoga yako tayari."

"Guku, mama anasema ukaoge, unanuka nyoka."

Mzee alikuwa anakohoa kuficha kicheko, anachukua taulo, anaondoka. Mimi nabaki nimeshika shavu kwa aibu. Hivyo ndivyo tulivyoishi, na kwa mambo ya maji ya kuoga utaratibu ulifaa.

Utaratibu wa chatu ulikuwa huu. Hali kitu kilichokufa. Hali kitu cha nyumbani: si kuku, si bata, si mbuzi mdogo. Anakula cha porini tu, kiwe kimetegwa, kiwe hai. Sababu yake nilielezwa na mama mkwe wiki ya kwanza tu, tukiwa tunachambua njegere. Chatu akishaonja cha nyumbani, alisema, hatajua tena mpaka. Harufu ya nyumbani inakuwa harufu ya chakula.

"Na cha porini je, mama? Hakina uchungu?"

"Cha porini hakina mwenyewe, mayu."

Aliyetega alikuwa mpiga ngoma mkubwa wa chama, mwanamume mwenye kifua kama debe na kicheko cha fisi. Alikuja na gunia begani, ndani yake kitu kinarusha miguu, analitua mlangoni kwangu kama mtu anayeleta zawadi ya harusi. Kanga. Sungura. Mara moja digidigi mchanga. Lakini chatu hali kwa ratiba ya mtegaji. Chatu akishakula analala siku nyingi kama mbunge. Kwa hiyo wanyama wale walisubiri zamu yao kwenye tenga la kuku nje ya jiko langu, wakiwa na vidonda vya kamba miguuni, na anayesubiri lazima ale. Atapewa na nani? Na yule aliyesoma moyo wa chura.

Nililima mtama wangu mwenyewe nikiwa na mtoto mgongoni. Nikaupura mwenyewe. Halafu nikawa nachota kwenye kibuyu nampa kanga, ili kanga anenepe, ili chatu anenepe, ili wanaume wapigiwe makofi.

Siku ya kumlisha wanaume walikaa nje kwenye vigoda vyao. Mpiga ngoma alisema chatu ameuzoea mkono wa mwenye nyumba, kwa hiyo aondoe jiwe mwenye nyumba, amtumbukize sungura mwenye nyumba, afunike mwenye nyumba. Chama kizima cha mashujaa wa nyoka, na anayetia mkono ndani ya lindo ni mwanamke anayenyonyesha.

Nataka kusema jambo moja kuhusu sungura. Maisha yake yote ni bubu. Ukimkanyaga halii. Lakini akibanwa na chatu analia, na analia kwa sauti ya mtoto mchanga, ileile kabisa, ile inayofanya maziwa yashuke. Mara ya kwanza yalishuka kweli. Nilisimama pale nimeshika kifuniko, gauni limelowa kifuani, na nje wanaume wanapulizia chai yao ipoe. Mwanangu akauliza mtoto wa nani analia. Nikamwambia ni mlango. Akanitazama. Nyumba yetu haikuwa na mlango unaolia.

Ule mwaka mvua ilikawia. Mtama wa ghalani ukashuka mpaka tukaona sakafu. Tukawa tunakula matobolwa asubuhi, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na jioni ugali mdogo na nsansa, yale majani makavu ya kunde, nsansa leo, nsansa kesho, mpaka mtu unaota majani. Na mpiga ngoma akaendelea kuleta gunia. Siku moja alileta kanga jike, mnono, kifua kimemjaa. Mwanangu alichuchumaa mbele ya tenga akamwangalia muda mrefu.

"Mama, huyu wa nani?"

"Wa nyoka."

"Na wetu yuko wapi?"

Nikaenda kwa mama mkwe. Naye nilizungumza naye wazi, hakuna mwiko hapo. Nikamwambia mama, mjukuu wako amekonda shingo, na mbele ya jiko langu kuna kanga anakula mtama. Hebu tumchinje, chatu apewe panya.

Mama mkwe akatazama huku na huku kama mtu aliyeulizwa habari za wizi.

"Ukimla chakula chake, atadai."

"Atadai kwa nani? Ana kadi ya chama?"

"Usicheke, mayu. Wewe umesoma, lakini chatu hajasoma."

Jumapili nikapeleka shauri langu kigangoni. Baada ya ibada nilimvizia katekista nyuma ya kanisa akifunga baiskeli yake mpira. Nikamwuliza: ni dhambi au si dhambi kuchukua kiumbe hai, asiye na kosa, aliyekuwa anatembea zake porini, umfunge, umlishe, halafu umtumbukize kwa nyoka?

Katekista akajikuna.

"Nyoka alilaaniwa ale mavumbi."

"Huyu wa kwetu hana habari. Anakula kanga."

"Hapo basi kosa ni la nyoka."

"Anayemtumbukiza kanga ni mimi."

"Wewe unatii wakwe zako. Utii ni fadhila." Akapanda baiskeli. "Lakini Kwaresima, kama mnaweza, mnyimeni Ijumaa."

Nilirudi nyumbani nikicheka peke yangu njiani kwa hasira. Kanga alikuwa ameshaliwa. Kwenye tenga kulikuwa na mgeni mpya, sungura jike, mguu mmoja umekatwa na kitanzi cha waya mpaka mfupa unaonekana.

Nilimpaka majivu kwenye kidonda. Nilimpa mtama, kidogo, nikichukia kila ukufi uliotoka mkononi mwangu. Na asubuhi moja mwanangu akaja mbio jikoni anavuta gauni langu. Sungura alikuwa amezaa. Watoto wawili, si vipande vya nyama vyenye macho yaliyofumba kama watoto wa panya. Walikuwa na manyoya tayari, macho wazi, masikio yamelala mgongoni, wamekaa kama wageni waliofika mapema. Mwanangu akawachukua akawaweka kwenye pindo la gauni lake. Kuanzia siku ile gauni lile lilikuwa nyumba yao. Alikula nao, alitembea nao, alinuka sungura kuanzia kichwani mpaka miguuni.

Jioni mpiga ngoma akaja kusema siku imefika, mkubwa ameanza kuzunguka ndani ya lindo, ana njaa. Baba mkwe alikuwa amekaa nje. Nikamkamata posta wangu mkono, nikasema kwa sauti ya kutosha watu watatu.

"Mwambie guku wako sungura amezaa hapa."

"Guku, sungura amezaa."

"Nimeona," akasema mzee, akiuambia mpini wa jembe.

"Mwambie guku: waliozaliwa kwenye mji huu, wakakuta mtama wa mji huu, hao ni wa porini au ni wa nyumbani?"

Mwanangu akafungua mdomo, akafunga. Swali lilikuwa refu mno kwa posta. Lakini mzee alikuwa amelisikia. Mkono wenye kisu ukasimama.

Mpiga ngoma akacheka kicheko chake. "Basi watoto wabaki, atoe mama yao."

"Na mama yao," nikauambia ukuta, "amekula mtama wangu tangu alipofika. Kanga aliyepita alikula mtama wangu. Wote waliopita. Hakuna mwenye pori tumboni hapa. Nani anakumbuka mara ya mwisho huyu chatu kula cha porini?"

Hapo sikuwa nasema kwa imani. Niseme ukweli, ule mwiko wao niliuona upuuzi, niliuchukua tu kama mtu anavyookota fimbo ya adui. Nilitaka kumwokoa sungura mmoja, na zaidi nilitaka kushinda. Lakini maneno yalipokwisha kutoka yakanigeukia. Usiku ule nilipomlaza mwanangu nilinusa nywele zake. Mtama, moshi, sungura. Nikalitazama lile tundu la ukutani. Nikafikiri: kama mwiko ni upuuzi, hakuna neno. Na kama si upuuzi? Mdudu amekaa upande ule mwaka mzima akipokea chakula kinachonuka mkono wangu, jiko langu, mtama wangu. Anayenuka hivyo hivyo, tena mdogo wa kumezeka, ni nani? Nikaziba tundu kwa kanga yangu ya harusi.

Mzee hakutoa jibu. Siku zikapita. Naona alikuwa analichekecha lile swali kichwani, maana alikuwa mtu wa kuheshimu miko yake, hakuwa mtu wa kuigeuza geuza apate nafuu. Mpiga ngoma alikuwa anakuja na kuondoka amenuna. Sungura hatolewi, kingine hakijategwa, chatu hajala. Mama mkwe akawa anapita mbali na mlango wangu. Hata mimi nililisikia sasa, lile gome likikwaruzwa kutoka ndani. Kwaa. Kimya. Kwaa.

Ilikuwa mchana, jua limesimama. Mama mkwe alikuwa shamba la karanga, mzee kwa jirani. Nilimwacha mwanangu kivulini karibu na tenga nikaenda kisimani, ambapo si mbali, ukipiga kelele unasikika. Nyuma yangu mpiga ngoma akaja na rafiki yake kutoka Bugarama aliyetaka kumwona mkubwa. Wakaingia nyumbani kwangu bila hodi. Wakainua kifuniko, wakachungulia, wakasifia. Wakarudisha kifuniko, wakaondoka. Jiwe la kusagia wakaliacha sakafuni, kwa sababu katika maisha yake yote yule mwanamume alikuwa hajawahi kulirudisha. Lilikuwa na mtu wake wa kulirudisha.

Nilipoingia uani na ndoo kichwani, mwanangu alikuwa amechuchumaa, mgongo kwangu, anazungumza na watoto wa sungura waliokuwa kwenye pindo la gauni. Na chatu alikuwa anavuka ua. Hakuwa na haraka. Alipita kando ya tenga. Ndani ya tenga kulikuwa na sungura mzima, mwenye kidonda, anayenuka damu, na chatu alilipita tenga lile kama mtu anavyopita duka lisilo lake. Kichwa chake kilikuwa kinaelekea kwa mwanangu.

Sikumbuki kutua ndoo. Nakumbuka maji ya baridi miguuni. Nilimkamata mtoto kwapani nikamvuta, na wakati uleule chatu akapiga. Hakupata mguu. Alipata pindo la gauni. Meno yakanasa kwenye kitambaa. Mimi navuta huku, yeye anavuta kule, mtoto kati anapiga kelele, sungura wadogo wameanguka wanakimbia ovyo kati ya miguu yangu. Kisha mshono ukaachia. Gauni likapasuka kutoka kiunoni na mimi nikaanguka chali na mwanangu juu ya tumbo langu.

Na chatu akaanza kulibana gauni. Alilizungushia mwili, mkunjo mmoja, mkunjo wa pili, taratibu, kama nilivyomwona anavyofanya kwa kanga. Alilibana lile gauni mpaka nikasikia udongo chini yake unasagika. Nikachukua ndoo nikampiga nayo. Ndoo ilipinda, yeye hakugeuka.

Baba mkwe akaja anakimbia, na nyuma yake nusu ya majirani, na mpiga ngoma wa kwanza kati yao. Mzee alichuchumaa, akamshika chatu nyuma ya kichwa, akampapasa mgongo kwa kiganja, na akamwambia:

"Pole. Pole, mkubwa. Pole."

Alimwambia nyoka pole.

Niliinuka. Nikamtazama baba mkwe wangu machoni, na yalikuwa macho ya kahawia, nilikuwa sijawahi kuyajua.

"Baba! Nazungumza na wewe. Sizungumzi na ukuta."

Mtu mmoja akasema "Yalaa!" Wanawake wakaweka mikono midomoni.

"Ninyi ndio mliosema akionja cha nyumbani hatajua mpaka. Mimi nilicheka. Leo sicheki. Ameonja cha nyumbani mwaka mzima kwa mkono wangu mwenyewe, mnaniletea wanyama wa watu wa Mungu nawanenepesha kwa mtama wa mtoto, mnasema hawana mwenyewe. Sasa tazama. Amempita sungura akamfuata mjukuu wako! Tazama anachokibana. Unajua ni gauni la nani hilo?"

Mwanangu aliacha kulia.

"Atoke kwenye nyumba yangu leo. Asipotoka, natoka mimi na mtoto, naenda Ushirombo kwa miguu, na mwanao akirudi kutoka Isaka mwambieni alale na chatu."

Mpiga ngoma ndiye aliyepata sauti kwanza. "Mkamwana amemtazama mkwewe usoni! Mvua haitanyesha hapa!"

"Na wiki zote hizi nilipokuwa nimeinamisha kichwa ilinyesha wapi? Shambani kwako?"

Mtu akacheka nyuma ya umati, akajikohoza. Mpiga ngoma akaanza kusema ni mimi niliyemnyima mkubwa chakula, ndiyo maana ametoka. Mzee akainua mkono mmoja, ule usioshika nyoka, na mpiga ngoma akanyamaza.

Mzee alifungua mikunjo mmoja mmoja akalitoa gauni. Lilikuwa limelowa na limekuwa dogo, kama kitu cha mwanasesere. Akalikung'uta vumbi. Akalitazama muda, akalikunja vizuri, na hakujua ampe nani, maana mkononi mwangu haruhusiwi. Mwishowe akamwita mwanangu, aliyekuwa amesimama na chupi tu na makamasi.

"Mjukuu wangu. Mwambie mama yako nimesikia."

Akamweka chatu shingoni, akaenda naye kwenye nyumba yake, ya nyasi. Kuanzia siku ile walilala chumba kimoja, mzee, mama mkwe na mkubwa. Mama mkwe hakunisemesha mpaka mavuno.

Wakati ua umejaa watu wanabishana, nililifungua tenga. Sungura akatoka akichechemea kuelekea kwenye minyaa ya uzio. Hakugeuka kushukuru. Watoto wake sikuwaona tena.

Wazee walikaa wakanitoza kuku kwa kosa la macho. Nilitoa jogoo, wakamla wao wenyewe, kuku wa nyumbani kabisa, na hakuna hata mmoja aliyepotea njia ya kurudi kwake.

Halafu mzee akatangaza amri yake mpya ya chama. Lile swali langu alikuwa amelijibu. Kitu cha porini cha kumlisha chatu kisikanyage uani kwa mtu. Aliyetega ndiye atakayelisha, palepale porini, siku ileile, na chatu akiwa hana njaa, kilichotegwa kifunguliwe kiende. Wanaume wakawa wanabeba chatu mpaka kichakani na kurudi naye, jasho linawatoka. Kumfungua kanga aende zake, hilo mpiga ngoma lilimshinda. Alisema kweli amefungua, lakini mke wake alianza kung'aa mashavu, na watoto wake wakawa wanacheza na manyoya yenye madoadoa. Angalau nyama iliingia tumboni mwa mtu.

Msimu wa ngoma ulipofika chatu alikuwa mwembamba. Wapinzani wetu, wale wanaocheza na nungunungu, walimwona akitolewa kwenye kikapu wakaanguka kwa kicheko. "Leteni mkanda mwingine, huo umechakaa!" Wakatushinda mbele ya watu wote. Wanaume walirudi njia nzima bila ngoma, na kila aliyepita mbele ya nyumba yangu aligeuza uso. Mimi nilikuwa barazani naranda mwiko wa ugali, mlango wazi, chumba cha nje kimefagiliwa, lindo limejaa mtama.

Mwaka uliofuata, mwezi ule wa njaa tena, baba mkwe alikuja uani kwangu akiwa na kanga mkononi. Bawa limevunjika. Nikashika mwiko wangu kwa nguvu. Alikwenda mpaka jikoni, akamtua karibu na mafiga, akarudi nyuma hatua, akamtafuta mwanangu kwa macho.

"Mjukuu wangu, mwambie mama yako huyu ni wa chungu."

Mwanangu alikuwa anachora chini na kijiti. Hakuinua hata kichwa.

"Guku, si umwambie mwenyewe. Yuko hapa, anakusikia."

Mzee alikohoa. Akatazama paa. Akatazama mafiga.

"Ni wa chungu," akaliambia jiko.

"Asante, baba," nikalijibu jiko lilelile.

Akaondoka haraka kama mtu anayekimbia mvua. Nilimbeba kanga nikampeleka nyuma ya ghala, na mwanangu akanifuata, nami sikumrudisha. Alisimama mikono nyuma, kama mkaguzi wa shule.

"Atalia kama yule sungura?"

Nikamwonyesha kisu. Nilikuwa nimekinoa vizuri.

"Hatapata nafasi."

Na hakupata. Nilimnyonyoa, nikampika na karanga. Mwanangu alitafuna kimya, akalamba vidole, akaomba shingo.